Ijumaa tano nikitafuta aiskrimu isiyo na mchanga

Siku ya pili ya Idi, viwanja vya Mnazi Mmoja, hapa mjini Unguja, vimejaa watoto na nguo mpya, binti yangu wa mwisho alininyooshea kikombe chake cha aiskrimu akaniuliza: "Baba, mbona hii ina mchanga?"

Nikaonja. Mchanga haukuwamo. Ilikuwa barafu, punje ngumu ndogo ndogo zinazokwaruza ulimi, na nikajua papo hapo lililotokea: aiskrimu ile iliyeyuka ikagandishwa tena, pengine zaidi ya mara moja. Kijana aliyeiuza sitamsema, maana aliinunua kwa mtu na yeye, na jua la siku ile lilikuwa kali. Lakini lile swali liliniuma. Mtoto ametoa pesa yake ya sikukuu, ya kwake mwenyewe, akapewa barafu yenye rangi.

Mimi ni fundi friji. Kazi hii naifanya tangu 1997, karakana yangu ipo Ng'ambo, na friza nyingi za mji huu nimeshazifungua mgongo. Mtu wa kazi yangu akiingia duka la aiskrimu macho yanakwenda kwenye bidhaa, masikio yanakwenda kwenye kompresa. Kwa hiyo binti aliposema pesa iliyobaki anataka kuilia aiskrimu "isiyo na mchanga", nilimwambia haya, twende tukaitafute. Kila Ijumaa baada ya Alasiri, yeye na mimi. Yuko darasa la nne, alichukua daftari lake la skuli, akawa anaandika jina la mtaa na neno moja tu: "upo" au "haupo". Tulizunguka Ijumaa tano. Nayaandika haya kwa sababu kila mtu anayeuliza wapi pa kula aiskrimu mjini anaelekezwa Shangani, basi, kama kwamba mji umeishia pale.

Majina sitayataja. Sehemu mbili nilizozipenda zaidi ni nyumba za watu, hazina hata kibao, na baadhi ya wengine ni wateja wangu. Nitataja mtaa. Ukifika ukauliza, utaonyeshwa. Pale nilipoona ubovu, hata mtaa sitautaja.

Shangani ndiko tulikoanza. Duka dogo la aiskrimu ya Kitaliano, mabakuli ya chuma yamepangwa nyuma ya kioo, rangi kumi na kitu. Kijiko kimoja 6,000, viwili 10,000. Kabla hujanunua unapewa kijiko kidogo uonje, na kijana aliyekuwa zamu alimwonjesha binti yangu aina nne bila kukunja uso, jambo ambalo nalihesabu. Mimi nilikuwa nimeinama naangalia kipimo kwenye ubavu wa kabati. Kilisoma digrii 12 chini ya sifuri. Friza ya kawaida ya dukani inakaa kwenye 18 chini ya sifuri. Zile digrii sita zina kazi kubwa. Wataliano wanatia maziwa mengi kuliko krimu, mafuta yanakuwa machache, mashine yao inakoroga polepole hewa isiingie kwa wingi, kisha wanaiuza ikiwa haijakaza sana. Ndiyo maana inavutika kwenye kijiko kama halua iliyotoka jikoni sasa hivi.

Embe yao ni nzuri mno, na sisemi hivyo kwa sababu ya bei. Niliuliza, nikaambiwa wanazisaga embe za boribo wakati wa msimu, zikiwa tele, wanaziweka kwenye friza na kutumia mwaka mzima. Inajulikana. Unapata hata ile harufu ya utomvu wa karibu na kikonyo. Nazi ndiyo iliyoniangusha. Kisiwa kizima kimejaa minazi, tui linakamuliwa kila jikoni, halafu nakula aiskrimu ya nazi ambayo harufu yake imetoka kwenye chupa. Ulimi hauna mafuta ya tui, hauna chochote, ni utamu na marashi. Nilimwambia kijana, akasema atafikisha. Binti aliandika "haupo", na alisema kweli, mchanga haukuwamo hata chembe.

Lakini sisi nyumbani tuko sita. Mara 6,000, hesabu mwenyewe. Hicho ni kitoweo cha siku mbili au tatu. Pale ni mahali pa kwenda mara moja kwa mwaka, au mgeni akija.

Aiskrimu ya mashine, ile inayozungushwa juu ya koni, tulikula sehemu mbili. Ya Darajani, karibu na sokoni, 1,000 kwa koni, haina ubaya. Ni unga uliochanganywa na maji, mashine inaupiga baridi na kuusukumia hewa, na ujue kwamba karibu nusu ya unachokilamba inaweza kuwa hewa. Kwa mtoto aliyetoka sokoni na mama yake, jua la saa tisa, inatosha kabisa. Sehemu ya pili ndiyo siitaji. Nilipokaribia tu nilinusa uchachu. Mashine hizi nimezitengeneza nyingi, nazijua tumbo lake: ndani mna silinda, mbele mna raba ndogo za mviringo, na maziwa yanajificha nyuma ya zile raba. Inatakiwa kila ikifungwa usiku imwagwe, ioshwe, raba zitolewe moja moja zisuguliwe. Ile haikuwa imeoshwa kwa siku. Nililipa, koni sikumpa mtoto, nikamsogeza kijana pembeni nikamweleza taratibu namna ya kuifungua. Alinisikiliza vizuri. Hakuna aliyewahi kumwonyesha, alisema, alikabidhiwa mashine na ufunguo tu. Sasa mwenye duka ananunua mashine ya mamilioni, anashindwa kumfundisha kijana kazi ya nusu saa, na wanaokula ni watoto. Hilo lilinikera kuliko kitu chochote katika Ijumaa zote tano.

Ijumaa ya tatu mvua za masika zilikuwa zimeshashika. Tulikimbia kutoka Darajani, tukaingia Mkunazini, tukalipita kanisa, tukakata kichochoro. Kuna mzee wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa mjini, anauza kulfi, aiskrimu ya Kihindi, kwenye baraza ya nyumba yake. Huna utakalojua ukipita, mlango ni kama milango mingine. Tulijua kwa sababu niliwahi kumsikia mteja wangu mmoja akimtaja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ingieni, ingieni, mvua hiyo. Mtoto akae huku."

Kulfi moja ni 2,000. Aliingia ndani akatoka na koni ya bati, refu kama kidole cha kati na kitu, kifuniko chake kimezibwa pembeni kwa unga wa ngano uliokandwa. Nilimuuliza ule unga wa nini. Akasema zamani, wakati wa baba yake, koni hizi zilitumbukizwa kwenye pipa la barafu na chumvi ya mawe, na ule unga ulizuia maji ya chumvi yasiingie. Sasa anayo friza, unga hauna kazi tena, lakini mkono umezoea na kulfi isiyozibwa anaiona kama haijavaa. Mimi nilifurahi sana kusikia lile, maana barafu na chumvi ndiyo friji ya kwanza ya watu. Barafu tupu inayeyuka kwenye sifuri. Itie chumvi ya kutosha, inashuka mpaka kama digrii 21 chini ya sifuri, bila waya, bila gesi, bila kompresa. Kijana akija karakana kujifunza kazi, hilo ndilo somo lake la kwanza.

Sasa angalia alivyoitoa. Aliubandua unga kwa ukucha, akafungua kifuniko, akaiweka koni kati ya viganja viwili akaipekecha, kama mtu anayepekecha ulindi kutafuta moto. Joto la mikono linaiyeyusha ngozi ya juu peke yake. Akaigeuza juu ya kisahani, akagonga mara moja, ikateleza nzima, nyeupe inayokaribia manjano, na uzi mwembamba wa zafarani umeganda ubavuni. Akaikata kwa kisu vipande vinne. Binti yangu, ambaye hajawahi kukaa kimya, alikaa kimya.

Kulfi haikorogwi kwenye mashine. Hapo ndipo nilipotaka kuelewa, kwa sababu aiskrimu isiyokorogwa, kwa kawaida, inafanya mchanga. Nikamuuliza.

"Mashine ya nini?" alisema. "Maji yashaondoka jikoni."

Na ndiyo hivyo. Katika maziwa ya ng'ombe, karibu sehemu 87 kati ya 100 ni maji, na maji hayo ndiyo yanayogeuka mchanga. Yeye anachukua lita tano, anaziweka kwenye moto mdogo, anakwangua pembeni na chini kwa mwiko wa bapa kwa saa tatu hivi, mpaka zinabaki lita mbili au pungufu. Rangi inabadilika, harufu inakuwa kama ya jibini changa iliyokaangwa kidogo. Hapo ndipo zinapoingia sukari, hiliki, lozi zilizosagwa. Kinachokwenda kwenye friza si maziwa tena, ni kitu kizito ambacho maji yake ni machache na hayana nafasi ya kukutana na kufanya punje.

Kasoro anayo. Ni tamu kupita kiasi kwa mtu wa umri wangu, kipande cha nne nilikimaliza kwa maji. Na ziko chache: ukifika baada ya saa kumi na moja umekosa. Lakini nimekula kulfi Dar es Salaam, na sikuipata ya namna ile. Daftari: "haupo".

Niseme kidogo kuhusu madebe ya dukani, yale ya lita moja na lita mbili, kwa sababu ndiyo aiskrimu wanayokula watu wengi nyumbani. Kiwandani yanatoka mazuri. Hata baiskeli na vijikasha vya Azam vinavyopita mitaani sina neno navyo. Bakhresa, mwenye Azam, ni mzaliwa wa Zanzibar na mizigo yake inatembea haraka, haikai. Tatizo liko kati ya bandari na jokofu lako. Tulinunua debe kwenye duka moja kubwa, la vanila, 14,000. Tulipofunua nyumbani, chini ya kifuniko pana theluji nene kama kidole, na aiskrimu yenyewe imeshuka pembeni, imejitenga na ukuta wa debe. Binti hakusubiri kuonja, aliandika "upo" kwa herufi kubwa.

Siku nyingine nilirudi pale pale nikasimama mbele ya friza yao. Ni ile ya mlango wa kioo uliosimama wima. Ukifungua tu, baridi inamwagika miguuni, maana hewa baridi ni nzito, inaanguka. Friza ya kulala, ya kufunua juu, inaihifadhi baridi yake kama kisima. Na nadhani umeme ukikatika usiku hapana anayejua, asubuhi inakutwa imeganda tena, inaonekana nzima. Kwa hiyo ukinunua debe, fanya hivi: linyanyue ulitikise, likicheza ndani limeshashuka. Bonyeza kifuniko, kikiwa kimevimba au kina gundi ya aiskrimu pembeni, liache. Chukua la chini kabisa, sio la juu lililo karibu na taa.

Kuna mchanga wa aina ya pili pia, na huu niligundua kwenye debe jingine, la bei rahisi. Punje zake hazikuyeyuka mdomoni kama barafu, zilibaki kwenye meno kama unga. Hiyo ni sukari ya maziwa. Mtu akizidisha unga wa maziwa ili kuokoa krimu, ile sukari ya asili ya maziwa inajitenga na kufanya chembe. Haidhuru mtu, lakini sio aiskrimu niliyotaka kulipia.

Umeme. Siwezi kuandika kuhusu aiskrimu ya Unguja nikaupita. Aliyekuwepo hapa kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 anakumbuka: miezi mitatu kisiwa kizima hakina umeme, waya wa chini ya bahari kutoka bara umekufa. Mwaka 2008 ilikuwa imeshatokea, karibu mwezi mzima. Wenye jenereta waliendelea, wengine walifunga. Umeme uliporudi karakana yangu ilijaa friza mpaka nje barabarani, zilizooza mipira, zilizoota ukungu, zilizounguzwa na ile nguvu ya kwanza iliporudi kwa kishindo. Watu wengi waliokuwa wakiuza barafu na malai, yale maziwa ya kugandisha, majumbani hawakurudi tena kwenye biashara ile. Tangu 2013 tunao waya mkubwa zaidi na hali si ile, lakini masika ikipiga radi bado taa zinazima, na fundi friji anajua usiku ule nani atampigia simu asubuhi.

Hilo ndilo linalonipeleka Kikwajuni.

Msomaji ajue kabla sijaendelea: huyu bibi nimeshamtengenezea friza mara mbili. Pima maneno yangu kwa kipimo hicho. Anauza malai kwenye dirisha la nyumba yake, vikombe vidogo vyenye kijiti, 500 kimoja. Bara wanasema lambalamba, na ya kwao mengi ni maji na rangi. Malai yetu ni maziwa. Neno lenyewe, huko Uhindini lilikotoka, ni jina la ule utandu unaokaa juu ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Sisi tukaligeuza likawa jina la kitu chenyewe kilichogandishwa. Yeye utandu hautoi. Nimemwona: maziwa yakishapoa anaupiga kwa mchapo mpaka unapotea ndani, anayachemsha tena, utandu wa pili anaupiga tena. Mara tatu. "Ukiutoa utandu," alimwambia binti yangu, "umebaki na maji ya maziwa."

Kisha kastadi, vijiko vichache tu katika lita tatu. Kastadi ni unga wa mahindi mwepesi, na unga ule unayashika maji yasizurure. Hiliki anaitwanga mwenyewe kwenye kinu kidogo cha shaba wakati ule ule, ganda anatupa, na kungumanga anaikuna kidogo sana, ukiambiwa tu ndipo unapoisikia. Sufuria analiweka kwenye beseni la maji mpaka lipoe kabisa. Wengi wanakosea hapa: wanatia uji wa moto kwenye friza, friza inahangaika, na vilivyokuwa vimeganda vinalegea.

Lakini jambo lililonifanya nisimame pale dirishani mpaka Magharibi inakaribia ni namna anavyogandisha. Vikombe havipandanishi. Anavipanga safu moja tu, chini kabisa, vimegusa bati la friza, na vingine vimeegemezwa kwenye kuta, kwa sababu bomba la baridi linapita nyuma ya bati lile. Kikombe kidogo, kimegusa baridi moja kwa moja, kinaganda upesi, na maji yakiganda upesi yanafanya punje ndogo ambazo ulimi hauzioni. Yakiganda polepole ndipo punje zinapokua. Kiwanda kinanunua mashine ghali kwa ajili ya jambo hilo hilo. Baada ya saa tatu ndipo anavipandanisha na kuweka safu nyingine. Kwa siku hatengenezi zaidi ya vikombe 60, ingawa friza yake ingechukua 200. Nilimuuliza kwa nini hajazi. "Nikijaza, vya katikati vinaota mchanga." Alilitumia neno lile lile la binti yangu, na hakuna aliyemwambia.

Pembeni mwa friza zimelala chupa sita za maji, zimeganda. Nilidhani ni barafu ya kuuza. Kumbe ni maji ya chumvi. Marehemu mumewe alikuwa mvuvi, ndiye aliyemwambia kwamba barafu ya maji matupu ikianza kuyeyuka inabaki kwenye sifuri, na kwenye sifuri malai yameshakuwa uji. Maji ya chumvi yanaganda kwa shida, lakini yakishaganda yanayeyukia chini ya sifuri, kwa hiyo umeme ukikatika chupa zile ndizo zinazotangulia kuyeyuka na malai yanabaki magumu. Friza ya kulala iliyojaa, ukiiacha bila kuifunua, inashika baridi karibu siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja. Zile chupa zinaijaza ile nafasi asiyoitumia. Mimi nimesomea baridi, nina vyeti ukutani, na sijawahi kumshauri mteja yeyote jambo hilo. Tangu siku ile nawaambia wote.

Na malai yenyewe? Kikombe cha kwanza kilikuwa cha maziwa matupu. Ukiuma mwanzo ni magumu, unahitaji meno, halafu yanakubali, yanakuwa mazito mdomoni. Ladha ya kwanza ni maziwa yaliyopikwa, hiliki inakuja baadaye, pale unapokuwa umeshameza. Sukari ameizuia, Mungu amjaalie. La pili lilikuwa tende, zimesagwa na kuachwa na nyuzi nyuzi zake, hilo ndilo nililolipenda zaidi katika kila nilichokula mji huu. La tatu stafeli, harufu yake inakufikia kabla ya kikombe, ila nilikuta kokwa nzima, na kokwa iliyoganda inaweza kumvunja mtoto jino. Nilimwambia. Alisikitika sana, akasema siku ile macho ya jioni yalimdanganya, na stafeli sasa atachambua asubuhi. Hana mapambo yoyote, hana kiti, unakula umesimama uchochoroni na watoto wa skuli wamekuzunguka. Kwa bei ya kijiko kimoja cha Shangani nilinunua vikombe kumi na viwili, nikabeba nyumbani ndani ya taulo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, jibu langu ni Kikwajuni kwanza, Mkunazini pili, kisha Shangani kwa embe yao peke yake. Mke wangu hakubaliani, anasema kulfi ndiyo ya kwanza na mengine ni vitu vya watoto. Binti, ambaye daftari ni lake, ameweka Shangani juu kwa sababu pale alionjeshwa aina nne na aliulizwa yeye anataka nini, hakuulizwa baba yake. Sikubishana naye, nilikuwepo na niliona uso wake.

Ukienda Kikwajuni, nenda baina ya Alasiri na Magharibi, Jumapili hauzi. Chukua chombo chenye mfuniko kama unabeba zaidi ya vikombe vitano, na ukimkuta anamimina subiri, usimwite, kwa sababu akifunua friza mara mbili mbili safu mpya inachelewa.

Jambo moja nililiona nikiwa naondoka. Pembe ya kushoto ya friza yake, karibu na bawaba, imeota theluji nyembamba, ukubwa wa kiganja, pengine pote pakavu. Mpira wa mfuniko umeanza kuchoka pale, hewa ya masika inaingia. Vikombe vya upande ule ndivyo vitakavyoanza kuharibika. Mpira wa saizi yake ninao karakana. Nimemwambia nitafika Jumamosi asubuhi, kabla hajaweka maziwa jikoni.